Mama anataka yai, kaka amelipiga marufuku

Shangazi,

Salamu. Nakuandikia kutoka upande wa Jinja, na jina langu naomba ulifiche. Nina miaka 43, niliachika zamani, nina watoto wawili na kuku 400 wa mayai. Marehemu Baba alikuwa askari, mtu wa Arua, na Mama ni Muganda wa Luweero. Tulikulia kambini, ndiyo maana Kiswahili ndicho cha nyumbani kwetu mpaka leo.

Mama ana miaka 69 na anaishi nami tangu Baba atutoke. Unajua mambo ya zamani ya Buganda: kwao mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala yai. Mama alizaa watoto watano bila kuonja yai hata moja, na hata mwiko ulipolegea aliendelea kusema mkono wake unakataa. Nilipoanza kufuga, mwaka 2016, siku moja alichukua lililopasuka, akalikaanga, akala peke yake jikoni. Baada ya hapo hakurudi nyuma. Kila asubuhi alitaka mawili ya kuchemsha. Alikuwa akiyamenya mwenyewe polepole, anamimina chumvi kwenye kipande cha gazeti, anachovya, anauma, anachovya tena. Watoto wangu walizoea kusema jaja anakula yai kama mtu anayedai deni.

Mwezi wa tatu mwaka huu, asubuhi, kikombe kilimdondoka mkononi na mdomo ukaenda upande. Tulitafuta gari karibu saa nzima. Hospitali walimpima wakakuta presha 198 kwa 115, wakasema ni stroki. Waliandika apigwe picha ya kichwa, lakini ilibidi aende kwingine na pesa hazikutosha, kwa hiyo haikupigwa. Alilala siku tisa. Sasa anatembea na fimbo, mkono wa kulia ni mzito, maneno yamerudi ila yanakuja taratibu, na akinywa chai anakohoa. Amekonda.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Kampala. Ndiye anayelipia dawa na yule kijana wa mazoezi ya viungo. Mama aliporudi nyumbani, Kaka aliita kikao cha familia, akatoa simu, akatusikilizisha sauti ya mtu anayesema yai moja ni sawa na sigara tano na kwamba mayai yanaziba mishipa ya ubongo. Kisha akanigeukia mbele ya wote: "Mayai yako ndiyo yaliyomwangusha Mama." Mama mdogo akafyonza. Mimi nilinyamaza. Tangu siku hiyo yai ni marufuku, na Kaka akija analeta soseji, mkate mweupe na majarini. Anataka pia niuze kuku, na hao kuku ndio wanaolipa karo. Kuhusu dawa za presha, Mama alikuwa nazo tangu 2019, ila kabla ya kuanguka zilikatika kidogo, kama wiki sita hivi, kituoni zilikuwa zimeisha na yeye alisema anajisikia vizuri. Hilo halikuzungumzwa kikaoni.

Usiku mmoja nilikuwa namfunika, akanishika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto. Akaniambia, "Hata wewe?" Nikajua anasema nini. Kesho yake nilimpa yai moja. Sasa nampa mara mbili tatu kwa wiki, kwa siri, na watoto nimewakataza wasimwambie mjomba wao. Binti yangu wa miaka tisa ameniuliza kwa nini tunamficha.

Shangazi, ni mimi niliyemletea Mama stroki? Na hili la siri niendelee nalo au niache? Kaka akijua, naogopa ataacha kulipia dawa.

Mwenye kuku, Jinja

*

Mwenye kuku, mwanangu,

Pole kwa kuuguza. Naona nyumba yenye mgonjwa mmoja na watu wawili wanaompenda sana, kila mmoja akimlinda dhidi ya mwenzake. Kaka yako anamlinda Mama na yai. Wewe unamlinda na njaa, na pia na jambo jingine ambalo nitalijia.

Mimi ni wa kizazi cha mama yako. Kwetu yai lilikuwa la Baba, na yakizidi yalikwenda kwa kaka zangu. Sisi wasichana tuliokota mayai kwenye viota, tukayabeba kwa upindo wa gauni, tukayapeleka, basi. Tuliambiwa tukiyala hatutazaa. Kwa hiyo ulipoandika kwamba anakula kama anayedai deni nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kaka yako anapotamka marufuku, yeye anazungumza habari ya mishipa. Sijui masikio ya Mama yanasikia nini. Inawezekana anasikia mwiko uleule wa Luweero umerudi, safari hii umevaa koti la daktari, na tena unaletwa na mtoto wa kiume. Kaka hana kosa la kutolisikia hilo. Hakuna aliyewahi kumnyima yeye yai.

Sasa swali lako kubwa. Mimi si daktari, lakini nimesoma kuhusu jambo hili, na nitakueleza kama ninavyolielewa.

Kiharusi kiko cha namna mbili. Kuna cha mshipa wa ubongo kuziba, na kuna cha mshipa kupasuka na damu kuvuja ndani. Kwa macho havitofautiani: mdomo unakwenda upande, mkono unaanguka. Picha ya kichwa ndiyo inayotenganisha, na Mama hakupigwa. Kwa hiyo hata aliyekuwepo pale hospitali hawezi kusema kwa uhakika ni kipi kilichompata. Lishike hilo, kwa sababu watafiti waliochunguza mayai na kiharusi wamepata majibu yanayogongana, na mgongano mkubwa uko hapohapo kwenye aina.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa China uliofuatilia watu zaidi ya 400,000. Waliokula yai karibu kila siku walipata kiharusi cha kuvuja damu kwa asilimia 26 pungufu kuliko wasiokula. Umefurahi? Subiri. Mwaka 2020 ukatoka mwingine wa nchi tisa za Ulaya, nao una watu zaidi ya 400,000, ukaona kinyume chake: kila gramu 20 za yai kwa siku, yaani hata nusu ya yai haifiki, ziliendana na ongezeko la asilimia 25 la kiharusi hichohicho cha kuvuja damu. Marekani, mwaka 2019, watu karibu 30,000 waliofuatiliwa miaka mingi walionyesha kwamba kila nusu yai la ziada kwa siku liliendana na asilimia 6 zaidi ya magonjwa ya moyo na mishipa. Mwaka uliofuata watafiti wa Harvard, wakiwa na watu zaidi ya 215,000, wakasema yai moja kwa siku halikuongeza hatari hiyo. Wote hao ni wasomi, na hakuna anayedanganya.

Wanapishanaje? Yai haliliwi peke yake. Marekani mara nyingi linaandamana na nyama ya nguruwe ya kukaanga na soseji. Kwingine anayemudu yai kila siku ndiye huyohuyo anayemudu matunda na dawa. Kwetu yai hulala ndani ya chapati inayong'aa mafuta, tunaita rolex, na mlaji anaongezea chumvi. Tafiti za namna hii zinahesabu nani alikula na nani aliugua. Kutenga kazi ya yai na kazi ya wenzake waliokuja nalo ni kama kutafuta ni mgeni gani wa harusini aliyemaliza wali.

Kiini cha yai kina kolesteroli, yaani aina ya mafuta yanayoweza kuganda kwenye mishipa, hilo ni kweli, kiasi cha miligramu 186 kwa yai kubwa. Zamani Wamarekani waliambiwa wasizidishe miligramu 300 kwa siku. Mwongozo wao uliotoka kwa miaka ya 2015 hadi 2020 ukaiondoa hesabu hiyo. Kolesteroli nyingi iliyo mwilini hutengenezwa na ini lenyewe, na kwa watu wengi ini hupunguza kazi yake ukiila zaidi. Kwa watu wengi, sikusema wote. Wapo ambao kolesteroli ya damu yao hupanda haraka. Na katika baadhi ya tafiti, wenye ugonjwa wa sukari waliokula mayai mengi walionekana kuugua moyo zaidi. Barua yako haisemi kama Mama amewahi kupimwa sukari.

Kuna jambo jingine siwezi kuliruka, ingawa najua ungependa niliruke. Mama alikuwa anakula mawili kwa siku, na tafiti zilizolitetea yai zilizungumzia moja. Tena zilianza na watu ambao bado hawajaugua. Mama yako sasa ameugua. Kwa hiyo Kaka akikuuliza, "Una uhakika gani kwamba hayamdhuru?", huna uhakika huo, na mimi sina wa kukukopesha. Yeye naye hana wa kusimama mbele ya ukoo na kukuhukumu kwa sauti ya kwenye simu.

Ila kuna namba moja kwenye barua yako ambayo haina ubishi: 198 kwa 115. Utafiti mmoja mkubwa wa kiharusi, INTERSTROKE, ulichukua wagonjwa kutoka nchi nyingi, Uganda ikiwemo. Katika majibu yao ya mwaka 2016 presha peke yake ilibeba karibu nusu ya mzigo wote wa kiharusi. Hakuna chakula kilichoikaribia.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, mwanangu. Habari ya dawa kukatika wiki sita umeiweka katikati ya karo na kikao, kwa mstari mmoja, ukapita haraka. Niliisoma mara ya kwanza nami nikapita. Mara ya pili nikajiuliza: ameiweka pale kwa kuwa anaiona ndogo, au kwa kuwa ni kubwa mno? Sikuulizi ili nikupokonye lawama ya yai nikupe ya vidonge. Dawa kuisha kituoni si wewe uliyeziisha. Na mtu mwenye presha kusema anajisikia vizuri ndiyo hadithi ya presha yenyewe, kwa sababu haiumi. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha zangu wiki tatu kwa sababu nilikuwa na harusi na sikutaka kwenda msalani kila saa. Lakini nashuku kwamba ulinyamaza kikaoni kwa sababu lawama ya yai, chungu kama ilivyo, ilikuwa nyepesi kuliko ile nyingine. Nikikosea unisamehe.

Na tukiwa hapo, nirudi kwenye lile gazeti lenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo ndani kuna chumvi ya mboga, ya mkate, ya kila kitu. Mtu anayechovya, anauma, anachovya tena, mayai mawili kila asubuhi, anaweza kumaliza sehemu nzuri ya kijiko hicho kabla ya saa tatu. Presha inaijua chumvi kuliko inavyolijua yai. Na soseji za Kaka, pamoja na nia yake njema, zina chumvi nyingi na mafuta yale ambayo hupandisha kolesteroli ya damu kuliko kiini cha yai. Ukiondoa chakula kwenye sahani kuna kingine kinakaa mahali pake, na hicho cha pili kikao hakikukijadili.

Kabla sijafika kwenye siri, kuna jambo lisilongoja. Umesema akinywa chai anakohoa. Baada ya kiharusi koo huweza kusahau kazi yake, chakula kikaingia njia ya hewa na kuleta nimonia. Yai la kuchemsha kavu, kiini kile kinachovunjikavunjika kama unga, ni gumu kwa mtu wa namna hiyo. Mwambie muuguzi au daktari wiki hii, na umwonyeshe anavyokunywa. Kwa sasa akae wima kabisa anapokula, vipande viwe vidogo, asiharakishwe, na asilale papo hapo. Kwa mgonjwa huyu, leo, ningeogopa koo kabla ya mishipa. Na weka namba ya mwenye gari mmoja wa jirani ukutani, msije mkapoteza saa nzima tena mdomo ukienda upande.

Haya, siri. Ukiendelea hivi, Mama anapata yai lake na heshima yake, hilo si dogo. Lakini aliyewahi kupata kiharusi anaweza kupata kingine, ale yai au asile. Siku hiyo ikija, Kaka ataambiwa na mtu, na ukoo utafunga kesi bila kusikiliza, na nakuogopea kwamba wewe mwenyewe utaamini. Hapo tena yupo binti yako wa miaka tisa. Ameshajua kwamba kwenu kuna chakula kinachofichwa. Mama yako alijifunza jambo kama hilo akiwa na umri huohuo.

Ukiacha kabisa, utalala bila wasiwasi wa kukamatwa. Mwili unaojaribu kurudisha misuli unahitaji chakula cha kujenga, na si lazima kitoke kwenye yai. Mukene, wale dagaa, waliosagwa wakachanganywa na mchuzi wa njugu, maharagwe yaliyopondwa, mtindi, vyote hivyo vipo sokoni kwenu na koo lake linaweza kuvimudu. Sijui tu kama atavila. Anayekonda kwa kunyimwa hashibi kwa kubadilishiwa.

Njia nyingine ni kwenda na Kaka kliniki, siku ya presha, Mama akiwepo, mkauliza pamoja: sukari yake ikoje, kolesteroli ikoje, mayai mangapi, chumvi kiasi gani. Wewe unatumaini utaambiwa yai halina neno. Je, ukiambiwa matatu tu kwa wiki? Ukiambiwa asile kwa sasa? Usiende kama umejiandaa kusikia jibu moja. Na ujue kwamba muuguzi ataanza na swali la vidonge, kwa sababu ndiyo kazi yake, na zile wiki sita zitatoka mbele ya Kaka zikiwa uchi.

Labda ungependa ziwe zimetoka kabla, kwa mdomo wako, mkiwa wawili. Siwezi kukuahidi atakavyozipokea. Anaweza kukasirika, akahamisha lawama kutoka kwenye banda la kuku kwenda kwako moja kwa moja. Anaweza pia kuona, kwa mara ya kwanza, mahali ambapo pesa yake inafanya kazi kweli: kununua akiba ya dawa ya mwezi mzima, ili kituo kikikosa Mama asikose. Hukusema kama sasa anameza kila siku, na nani anazihesabu. Na najiuliza Kaka alikuwa amemwona Mama lini kabla hajaanguka. Mtu anayeishi mbali hutafuta mkosaji upesi, mara nyingine ili asijitafute mwenyewe. Simjui kaka yako, wewe ndiye unayemjua.

Kuku usiwauze wiki hii kwa hasira ya kikao. Hilo ni jambo la karo, litazungumzwa siku yake.

Jambo la mwisho. Katika barua yako yote Kaka amesema, Mama mdogo amefyonza, sauti ya kwenye simu imesema, hata mtoto ameuliza. Mama mwenyewe ana maneno mawili tu. Akili yake iko sawa, umesema maneno yamerudi taratibu. Hakuna aliyeketi naye akamweleza presha ni nini, chumvi inafanya nini, yai linajulikana nini na halijulikani nini, kisha akamngoja ajibu kwa mwendo wake. Huenda akachagua yai moja lisilo na chumvi. Huenda akasema mengine kabisa.

Alikushika mkono akasema "Hata wewe?", nawe ukampa yai kesho yake. Hukuniandikia usiku ule ulimjibu nini.

Shangazi